Barua ya baba uwanjani: mbona wengine huulizwa na wengine hupita tu?

#1 Bint_Langoni
Assalaam alaykum wana jukwaa. Nasafiri Muscat na wanangu wawili. Wa kiume ana miaka minne, mdogo bado ananyonya, anakaribia miezi minane. Baba yao yuko huko kikazi. Pasipoti tunazo, viza ziko, tiketi bado sijalipa.
Sasa jirani yangu alipita na wanawe, hakuulizwa chochote zaidi ya pasipoti. Binamu yangu, uwanja uleule, safari ileile ya Ghuba, akaambiwa alete barua ya mume yenye muhuri wa wakili. Akahangaika na simu hadi kaunta ikafungwa, ndege ikamwacha, nauli ikapotea. Wote wawili ni wake za watu, wote wana vyeti vya ndoa, wote wamevaa buibui. Tofauti ni nini? Ni sheria au ni mtu na siku yake? Na lolote jingine mnalolijua la kutoka Lamu na watoto wadogo, nipeni.

#2 Kijana_wa_Barani
Tofauti ni sura ya binamu yako. Uzi ufungwe.

#3 Ami_Mkomani
Wewe wa #2 kaa kando, watu wazima wanazungumza.
Bint, hii ni sheria. Kenya ina sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2010, na njia ya Ghuba inatazamwa kwa jicho kali kwa sababu ya wasichana wetu waliopelekwa kazi za ndani wakaishia pabaya. Mwanamke peke yake, ana watoto, anakwenda Ghuba: lazima aulizwe. Jirani yako alibahatika tu.

#4 Mpimamizigo
Ami, kwa heshima, hapo umeshika nusu. Nimefanya kazi ya kaunta ya ndege kabla sijarudi Malindi kuuza viatu. Karani akishika pasipoti yako anafungua mfumo unaoitwa Timatic. Anaingiza uraia wako, unakokwenda na unakopitia, mfumo unamwambia karatasi gani zinatakiwa. Abiria akifika kule akakataliwa, shirika ndilo hubeba jukumu la kumrudisha, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Kwa hiyo yule karani hamlindi mtoto wala hakulindi wewe, analinda kibarua chake. Sijaona aliyefukuzwa kazi kwa kuomba karatasi ya ziada. Waliompitisha mtu asiye na karatasi nimewaona.
Binamu yako aliangukia zamu ya msimamizi mkali. Basi.

#5 Karani_wa_Wakili
Kabla hatujaendelea, swali moja. Majina ya binamu yako na ya wanawe yanagusana popote kwenye pasipoti?
Nauliza kwa sababu sisi mtoto hubeba jina lake, la baba na la babu mzaa baba. Mama anabaki na jina la baba yake mwenyewe na babu yake. Afisa aliyezoea kuona familia nzima ina jina moja la mwisho akifungua pasipoti zetu anaona mama ni mtu mbali, watoto ni watu mbali.

#6 Bint_Langoni
Subhanallah. Ya binamu hayagusani hata kidogo. Jirani yangu ameolewa na mtoto wa ami yake! Ukoo ni mmoja, na jina la ukoo ndilo la mwisho kwa wote.

#7 Kijana_wa_Barani
Kumbe faida ya kuolewa nyumbani ni kupita Uhamiaji bila maswali. Wazee walituficha.

#8 Dada_Shela
Karani, nadharia nzuri lakini mimi naivunja. Jina langu na la mwanangu hayaonani hata kwa darubini. Nimepita naye Mombasa na Nairobi, sikuulizwa barua. Ila nilikuwa nimempakata, ananyonya pale pale foleni. Naona wanatazama umri. Mwana wa ziwa, nani atakuuliza umemtoa wapi? Bint, wa binamu yako wana miaka mingapi?

#9 Bint_Langoni
Sita na tisa.

#10 Dada_Shela
Haya basi.

#11 Mpimamizigo
Dada, usisahau kwamba mwenye mtoto analia foleni hupitishwa haraka ili aende zake. Hilo si umri, ni makelele.

#12 Mama_Mapacha
Nipo Malindi, Casuarina. Mume wangu Mwitaliano, mapacha wana jina lake la ukoo, mimi sina. Kutoka Kenya sikuulizwa kitu. Nilikoshika moto ni kule Ulaya. Watoto weupe, mama mweusi, majina tofauti. Afisa alinitazama kama yaya aliyetoroka nao. Vyeti vyao vya kuzaliwa vilikuwa mkobani ndiyo nikapona. Kwa hiyo msiseme Ghuba tu, na msiseme majina tu. Rangi nayo inaulizwa, ila hakuna anayeitaja kwa sauti.
Kwa wanaofikiria Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, na watoto: viza ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, chini ya miaka 6 bure. Chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole. Bima ya safari iwe ya kufikia yuro 30,000 kwa uchache. Na ubalozini idhini ya wazazi wote wawili wanaitaka wakati wa kuomba viza.

#13 Ustadh_wa_Darajani
Wote mmelizunguka jambo. Mwanamke anakwenda nchi ya Kiislamu bila mahram, yaani mume au ndugu wa kiume wa karibu, ndiyo maana anaulizwa barua ya mume. Saudia bila mahram hupewi hata viza ya Umra.

#14 Mama_Mapacha
Ustadh, hilo la Saudia limeshaondoka. Tangu 2022 wizara yao ya Hija imesema mwanamke anaweza kwenda Hija au Umra bila mahram. Na Bint anakwenda Oman, si Saudia.

#15 Ustadh_wa_Darajani
Wizara imeondoa sharti lake, fiqhi haijaondoa lake. Lakini sawa, tusigeuze uzi.
Maadam Saudia imetajwa, wanaopanga watoto wajue hili: Hija ya 2025 Saudia ilitangaza watoto wasiambatane na mahujaji kwa sababu ya msongamano. Umra ni mlango mwingine. Na chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ile ya ACWY, ipigwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika.

#16 NesiWaMaweni
Tuache barua kidogo. Bint, huyo wa miezi minane ndiye atakayekusumbua kuliko mume.
Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Oman ni miongoni mwa wanaouliza cheti kwa wanaotoka kwetu. Kwa kawaida chanjo hii haipigwi kabla ya miezi 9. Ukishapigwa, cheti huanza kuhesabika baada ya siku 10. Sasa piga hesabu na tarehe yako ya tiketi. Usitarajie kuikuta kwenye chanjo za kawaida za mwanao, maana kwetu Pwani haimo. Hutolewa kwa watoto wote katika kaunti chache za Bonde la Ufa kama Baringo na Elgeyo Marakwet. Na kile kitabu cha kliniki si cheti. Cheti ni kile cha kimataifa cha rangi ya manjano, kina muhuri, jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.
Jingine: akifika miezi 9 anatakiwa pia surua na rubella. Zote mbili ni chanjo za virusi hai. Zipigwe siku moja, au zipishane wiki nne. Nimeona mama amepiga moja Jumatatu, amekuja kutaka ya pili Alhamisi na tiketi mkononi. Hapo nesi afanye nini?

#17 Dada_Shela
Nesi, wangu alisafiri ana miezi sita, hana cheti cha manjano, na hakuna aliyemgusa. Mimi ningeondoka sasa hivi kabla hajafika tisa.

#18 NesiWaMaweni
Ni kweli nchi nyingi huanza kuwauliza watoto wa miezi 9 au mwaka 1 kwenda juu. Lakini anakwenda na kurudi, na akikaa huko mwana anakua. Tena homa ya manjano si karatasi ya kumridhisha afisa, ni ugonjwa. Mimi ningengoja.

#19 Kijana_wa_Barani
Kuna jamaa mjini anauza cheti chenyewe, bila sindano, bila kilio.

#20 NesiWaMaweni
Naye akuuzie na kaburi. Wasimamizi wa jukwaa, futeni #19.

#21 Ami_Mkomani
Nesi, mimi cha kwangu cha manjano ni cha zamani kimeandikwa miaka kumi. Nipigwe tena?

#22 NesiWaMaweni
La, Ami. Tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kile kilichoandikwa miaka kumi. Tatizo ni kwamba utakutana na karani asiyejua, na hapo tunarudi kwa Mpimamizigo.

#23 Mtu_wa_Kizingitini
Nyinyi wa mjini mnazungumza pasipoti kama tayari iko mfukoni. Huku kwetu mwana amezaliwa nyumbani, mkunga ni bibi yake. Chifu msaidizi ndiye anayeandika taarifa ya uzazi wa nyumbani, na ikipita miezi sita inakuwa usajili uliochelewa, karatasi zinaongezeka. Bila cheti cha kuzaliwa hakuna pasipoti. Wazazi nao wawe na vitambulisho, na kwa sisi Wabajuni kitambulisho chenyewe kilikuwa na hadithi yake, mpaka 2025 serikali ilipotangaza kuondoa ule uhakiki wa kuhojiwa na wazee. Mtu anayetaka kusafiri mwezi wa tatu aanze mwezi wa tatu wa mwaka uliopita. Pasipoti unaomba kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, sawa, lakini mwana mwenyewe lazima apelekwe akapigwe picha. Kutoka Kizingitini hiyo ni safari kabla ya safari.

#24 Nahodha_Mtaani
Mtu wa Kizingitini kasema kweli. Sasa nami niseme ya majini, maana naona watu wote wamesharuka na ndege na bado hawajavuka mlango wa Manda, kisiwa chenye uwanja wetu wa ndege.
Bint, tazama maji. Siku za bamvua maji yakipwa, ngazi za gati ni utelezi mtupu, na wewe una mwana mgongoni, mwingine mkononi na mabegi. Mwambie nahodha mapema akupe mtu wa kubeba. Usivae viatu vya harusi.
Mizigo: baadhi ya ndege ndogo za Manda zinaruhusu kilo 15 tu, nayo iwe mikoba laini. Ile ndege kubwa ya ng'ambo inakupa 23 au zaidi. Watu wanasoma ile ya pili, wanajaza sanduku gumu, Manda wanafungua halwa na nguo za watoto mbele za watu. Tena uliza ndege yako inashuka uwanja gani wa Nairobi, Wilson au JKIA. Ikishuka Wilson unavuka Nairobi kwa gari na watoto wawili, na foleni ya Nairobi unaijua. Tiketi mbili zikikatwa mbali mbali, ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari nawe.

#25 Dada_Shela
Ndiyo maana mimi huvuka Mokowe nikapanda basi hadi Mombasa, nikalala kwa khala yangu, asubuhi ndege.

#26 Nahodha_Mtaani
Basi na mwana wa ziwa, Witu, Garsen, vizuizi njia nzima? Dada, wewe una mapafu ya samaki.

#27 Kijana_wa_Barani
Yeye ni wa Shela ya Lamu au Shella ya Malindi? Wa Malindi wangetembea kwa miguu hadi uwanjani.

#28 Dada_Shela
Shela ya asili. Hiyo nyingine ni nakala.

#29 Mama_Mapacha
Nakala ina lami na uwanja wa ndege, endelea na punda wako.

#30 Khala_Zuu
Wanangu, mbona hamna aliyemwambia la maana? Mwana wa miezi minane asitoke bila mvuje, ile dawa ya harufu kali ya kuzuia jicho. Mfunge kifuko cheusi mkononi, wanja machoni, alama ya wanja utosini. Uwanja wa ndege una macho ya kila aina. Na usiku wa safari mpe kijiko cha Piriton, atalala hadi Muscat.

#31 NesiWaMaweni
Khala yangu, shikamoo. Mvuje siwezi kukushinda. Piriton nitakushinda. Usimpe mtoto mdogo dawa ya mafua ili alale. Kuna watoto inawapindua, badala ya kulala wanachangamka, wanapiga mateke usiku kucha. Na wa chini ya miaka miwili hatari ni kubwa zaidi ya kilio. Tena Bint, dawa za kikohozi zenye kodeini usibebe Ghuba. Kodeini na tramadoli ni dawa zinazodhibitiwa vikali kule. Ukiwa na dawa aliyoandikiwa mwana, beba na karatasi ya daktari, ibaki kwenye chupa yake.

#32 Mpimamizigo
Kuhusu mvuje wa Khala: nimeona mkobani, nimeunusa kabla sijauona. Abiria wa kiti cha nyuma aliomba ahamishwe. Ukaguzi wa mashine hauna shida nao ila watakuambia ufungue kifuko. Uwe tayari kueleza.

#33 Khala_Zuu
Marahaba nesi. Huyo abiria ndiye mwenye jicho lenyewe.

#34 Ustadh_wa_Darajani
Khala, ayatul kursiyyu haina harufu.

#35 Bint_Langoni
Mmenichekesha hadi mwana kaamka. Mpimamizigo, ya tiketi je? Na masikio? Nasikia wanalia kwa sababu ya masikio.

#36 Mpimamizigo
Mtoto chini ya miaka miwili anapakatwa, na mashirika mengi humtoza kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Kuanzia miwili ana kiti chake, kwa hiyo mkubwa analipiwa nauli ya mtoto. Kile kitanda kidogo kinachotundikwa kwenye ukuta wa mbele ya kiti kiombe siku ya kukata tiketi, ni vichache, na kina kikomo cha uzito. Wengine kilo 11, wengine chini ya hapo. Mpime mwana kliniki kabla hujafurahi. Kuruka na kutua anatolewa kitandani, anafungwa mkanda wa ziada juu yako. Maziwa na uji wa mtoto havibanwi na ile sheria ya mililita 100, lakini toa mwenyewe uwaonyeshe, usingoje wavumbue.

#37 Dada_Shela
Masikio: mnyonyeshe wakati wa kupaa.

#38 NesiWaMaweni
Wakati wa kushuka zaidi, dada. Ndege ikipaa hewa ya ndani ya sikio inatoka yenyewe kwa kijia chake cha kooni. Ikishuka hewa inatakiwa kurudi ndani, na kijia cha mtoto ni chembamba, kinabana. Kumeza ndiko kunakifungua. Na kushuka huanza mapema kuliko mnavyodhani, kama nusu saa kabla ya kugusa chini. Ziwa, chupa, hata maji kwa yule wa miaka minne. Akiwa na mafua makali, mpeleke aonwe kwanza.

#39 Mama_Mapacha
Wangu mmoja alilia kushuka, pacha wake akalala fofofo. Ndege moja, masikio ya mama mmoja. Mimi siamini masikio tu. Walikuwa wamevurugiwa usingizi, njaa, baridi ya kile kiyoyozi. Mvishe mwana soksi.

#40 Khala_Zuu
Mmoja alikuwa na mvuje, mmoja hana.

#41 Mtanga_Asilia
Salamu kutoka Tanga. Sisi tukija Mombasa na watoto ni hati ya muda ya kusafiria au pasipoti, na pale Lungalunga nimewahi kuombwa cheti cha kuzaliwa na barua ya baba nikiwa na BABA MWENYEWE kando yangu. Akaambiwa aandike pale pale. Akaandika nyuma ya karatasi ya hoteli. Sasa hiyo ni sheria gani, Ami?

#42 Ami_Mkomani
Hiyo si sheria, hiyo ni uvivu. Lakini mfano mmoja hauvunji kanuni.

#43 Karani_wa_Wakili
Ami, kanuni yenyewe ndiyo tunayoitafuta tangu #3. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inawapa mama na baba jukumu sawa juu ya mtoto, wameoana au hawakuoana. Kwa kusoma hapo tu mama angepita. Lakini jukumu sawa lina makali mawili: huyo mwingine naye ana haki ya kusema hakuridhia. Afisa anaweza kusoma upande wowote.
Bint, wewe usiingie kwenye mjadala huu pale kaunta. Mume aandike idhini: majina kamili ya watoto na namba za pasipoti zao, jina lako na uhusiano wako nao, wanakwenda wapi, tarehe ya kwenda na kurudi, simu yake. Aitie saini ubalozi wa Kenya Muscat, maana yuko huko huko, akutumie nakala ya asili pamoja na nakala ya pasipoti yake. Ambatisha vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu hapo ndipo jina lako na la wana hukutana kwenye karatasi moja. Na cheti cha ndoa.

#44 Ustadh_wa_Darajani
Cheti cha ndoa cha Kadhi kinatosha bila mhuri wa wakili.

#45 Karani_wa_Wakili
Kinathibitisha ndoa, Ustadh. Hakisemi baba ameridhia safari.

#46 Mpimamizigo
Na hata ukiwa na yote hayo unaweza usiulizwe hata moja. Halafu utakuja hapa kusema tulikutisha bure.

#47 Binti_Mpweke
Naingia kimya kimya. Na sisi ambao baba hajulikani alipo? Nani ataandika?

#48 Karani_wa_Wakili
Dada, hapo ni mahakama inayoshughulikia watoto, ikupe amri ya malezi au ruhusa ya kusafiri. Hati ya kiapo yako mwenyewe husaidia, lakini nimeiona ikikubaliwa na nimeiona ikikataliwa. Fungua uzi wako, hili ni refu.

#49 Bint_Langoni
Nimewaelewa, Mungu awalipe. Nimempigia mume, ameanza kununa kwamba anatakiwa ruhusa ya kuwaona wanawe, ila ubalozini atakwenda. Safari nimeisogeza hadi baada ya sindano ya manjano na zile siku kumi. Kuhusu binamu, mama yake anasema ni jicho, Khala atafurahi. Mwenyewe anasema yule karani alimwona ana haraka.
Swali la mwisho. Mume kaomba achari ya embe na halwa. Niweke mkoba wa mkononi ili visimwagike?

#50 Mpimamizigo
Hapana! Achari na halwa laini wanazihesabu na majimaji. Zaidi ya mililita 100 zinabaki mezani kwa wakaguzi, na nyumbani hazirudi. Sanduku la chini.

#51 Nahodha_Mtaani
Sanduku la chini lina kilo 15 hadi Nairobi, msisahau. Achari peke yake ni tatu.

#52 Kijana_wa_Barani
Amwache mkubwa kwa bibi yake, abebe achari.

#53 Khala_Zuu
Achari funga na nailoni mbili na utepe mdomoni. Na mvuje uweke mbali nayo, utaharibu ladha.